Jinsi ya kuisoma sanamu ya jiwe ya Waolmeki

Ukikutana na sanamu ya Waolmeki ndani ya kabati la kioo kwenye makumbusho, jicho hukimbilia uso: macho yaliyopinda kama lozi, midomo minene iliyoshuka pembeni, kichwa kirefu kisicho na unywele. Kibao kilicho chini yake huandika "mtu-jagwa", jagwa akiwa ni paka mkubwa wa misitu ya Amerika anayefanana na chui, na mtazamaji huridhika na kwenda zake. Mimi naamini uso unapaswa kuwa kitu cha mwisho kusomwa. Litangulie jiwe lenyewe, zifuate alama za kazi, kisha namna mwili ulivyosimama au kukaa, halafu udongo ulioificha sanamu hiyo kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Ukiyaruka hayo, maana ya kiroho utakayoiona ni ile uliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Waolmeki waliishi kwenye nyanda za joto, mito na vinamasi kusini mwa Ghuba ya Meksiko, katika majimbo ambayo leo ni Veracruz na Tabasco. Mji wa San Lorenzo ulitamba tangu mwaka 1400 KK hivi hadi kukaribia 1000 KK, kisha La Venta ikachukua nafasi hadi karibu 400 KK. Jina tunalowaita si lao. Limetoka kwenye lugha ya Nahuatl ya Waazteki, ambao baadaye sana waliwaita wakazi wa pwani ile watu wa nchi ya mpira, kwa sababu ya utomvu wa miti yao.

Tuanze na jiwe. San Lorenzo imekaa juu ya udongo mtupu; mwamba wa kuchonga haupo. Bazalti, jiwe gumu la volkeno lililochongwa vichwa vikubwa vya watu na viti vya enzi, ilitoka milima ya volkeno ya Tuxtla, kama kilomita 60 kwa mstari ulionyooka, na ikavushwa mabwawa na mito bila gurudumu wala mnyama wa kukokota. Vichwa vikubwa vinavyojulikana ni 17: kumi vya San Lorenzo, vinne vya La Venta, viwili vya Tres Zapotes na kimoja cha La Cobata. Hicho cha La Cobata ndicho kikubwa kupita vyote, kina kimo cha mita 3.4 hivi, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 40. Kila kichwa kina kofia yake na alama zake za pekee, ndiyo maana wanaakiolojia wengi huviona kuwa sura za watawala halisi.

Hapa huzuka swali ambalo wasomaji wa Kiafrika huuliza kila mara: je, hawa si Waafrika? Dhana hiyo ni ya zamani. José María Melgar, aliyeandika juu ya kichwa cha kwanza mwaka 1869, aliona ndani yake sura ya Mwethiopia, na mwandishi Ivan Van Sertima akaisambaza dhana hiyo upya mwaka 1976. Nami nasema wazi kwamba ushahidi haupo. Katika udongo wa San Lorenzo na La Venta hakijapatikana chombo hata kimoja cha Kiafrika, wala mbegu, wala kaburi la desturi ya Kiafrika. Pua pana na midomo minene ni sura za watu wa Veracruz na Tabasco hadi leo. Kumnyang'anya mchongaji wa Tuxtla kazi yake ili kumpa mtu mwingine sifa ni dhuluma ileile ambayo Afrika yenyewe imetendewa mara nyingi.

Sanamu ndogo ndizo zinazonigusa zaidi, na hizi hazikuchongwa kwa bazalti. Zilichongwa kwa serpentini, jiwe laini kidogo la kijani kibichi au kijani cheusi, na kwa jedi, ambayo ni gumu na lenye mwanga ndani yake. Jedi ya Waolmeki ilitoka bonde la mto Motagua, Guatemala, mamia ya kilomita kusini-mashariki. Vipande vizuri kabisa vina rangi ya buluu inayoelekea kijani, na ukiviinua mbele ya taa kingo zake hupitisha mwanga. Rangi hiyo ni ya maji ya chemchemi na ya jani la mhindi mchanga. Kwa watu waliokula mahindi na kuogopa ukame na mafuriko, kulishika jiwe hilo lilikuwa jambo la ibada hata kabla halijachongwa.

Ushahidi mzuri wa hilo uko El Manatí, mahali penye chemchemi chini ya kilima, si mbali na San Lorenzo. Tangu karibu mwaka 1600 KK watu walitupa na kupanga ndani ya maji yale mashoka ya jiwe la kijani na mipira ya utomvu. Baadaye waliongeza sanamu za mbao za kichwa na kifua. Mbao zimenusurika kwa sababu tope halikuwa na hewa ya kuziozesha, na nyuso zake zina kichwa kilekile kirefu na midomo ileile iliyoshuka. Jambo hili lafaa likumbukwe na kila anayependa mawe haya: tunachokiona leo ni masalia tu ya sanaa ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa mti.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, kinachoanzia 1 hadi 10, kisu cha chuma hukaa karibu 5.5, jedi ni 6.5 hadi 7, na mchanga wa kwatzi ni 7. Waolmeki hawakuwa na zana za chuma wala za shaba. Kilichokata jiwe ni mchanga. Kamba, ubao mwembamba, mfupa na tete vilikuwa vya kuusukuma mchanga huo tu. Tena jedi lina tabia ya pili inayowasumbua wachongaji kuliko ugumu wake. Chembe zake zimesukana kama nyuzi za mkeka, kwa hiyo ukiligonga halipasuki kwa mstari. Ukitaka kulivunja kwa nguvu, utachoka wewe kwanza.

Kuchagua kipande ndiyo nusu ya kazi. Jiwe la mtoni ni bora kuliko lililong'olewa mwambani, kwa kuwa mto umekwisha kulijaribu: sehemu dhaifu zimevunjika njiani. Njia rahisi ya kutafuta ufa uliojificha ni kulilowesha na kuliacha likauke. Uso hukauka upesi, ila mstari wa ufa hubaki na unyevu na kuonekana mweusi. Kwenye serpentini hatua hii haina mbadala, maana serpentini ina mishipa myembamba ambayo huachia ghafla kazi ikiwa imeshafika mbali.

Umbo la kwanza hupatikana kwa kudonoadonoa kwa jiwe lingine gumu, pigo dogo baada ya pigo dogo, kila moja likiondoa unga tu. Panapohitajika kuondoa kipande kikubwa, hukatwa kwa msumeno wa kamba au ubao wenye mchanga na maji. Kukata hufanywa pande mbili zikielekeana, hadi ubaki ukuta mwembamba katikati, kisha ukuta huvunjwa. Kovu lake ni ukingo wenye kukwaruza, na kwenye vipande ambavyo mgongo haukung'arishwa hadi mwisho kovu hilo bado lipo. Nikiliona mimi hufurahi kuliko nikiona uso mzuri, kwa sababu hapo ndipo mkono wa mtu unapoonekana.

Baada ya hapo ni zamu ya keekee. Keekee imara yenye ncha huacha kitundu chenye umbo la koni. Keekee ya mwanzi au mfupa ulio wazi ndani huchora duara na kuacha kiini katikati, ambacho huvunjwa. Angalia pembe za mdomo, matundu ya pua, pembe za ndani za macho, nafasi kati ya mkono na ubavu, na kati ya miguu: kwenye sanamu nyingi za Waolmeki utakuta alama za duara ambazo ndizo zilizoanza kulipanga umbo, kisha zikaunganishwa kwa mikwaruzo. Mdomo unaoning'inia pembeni, ambao umeandikiwa kurasa nyingi za tafsiri ya kiroho, mara nyingi umesimama juu ya vitundu viwili vya keekee. Hilo haliondoi maana yake. Linatukumbusha tu kwamba mchongaji aliifikiri sura kupitia chombo alichokuwa nacho.

Makosa yanayoharibu kazi hii ni machache, lakini kila moja ni ghali. Keekee ikianzishwa juu ya uso laini huteleza na kukwaruza shavu, hivyo kwanza hudonolewa kishimo cha kuishikilia. Maji yakizidi, mchanga huoshwa na keekee huzunguka bure. Yakipungua, tope huganda na ukataji husimama. Mchanga wenye chembe laini kuliko jiwe hausogezi chochote, hung'arisha tu, na mtu anaweza kumaliza siku nzima akidhani anakata. Tundu la sikio hutobolewa kutoka mbele na nyuma likutane katikati. Pande zikipishana kidogo, ndewe hukatika. Ndiyo sababu masikio, vidole na nyayo ndizo sehemu zinazokosekana zaidi.

Kung'arisha huenda kwa mchanga mnene, kisha mwembamba, kisha unga wa jedi lenyewe juu ya ngozi au mti. Kosa la hapa ni haraka. Mkwaruzo mnene ulioachwa nyuma hautaondolewa na unga mwembamba, utazidi kung'aa tu, na itabidi kurudi hatua mbili.

Tukigeukia mwili, sanamu nyingi za kusimama zina magoti yaliyokunjwa kidogo, mikono iliyoshuka kandokando, na kiwiliwili kisicho na nguo zaidi ya ukanda mdogo. Viungo vya uzazi havionyeshwi. Kichwa kirefu kimeiga desturi halisi ya kufunga fuvu la mtoto mchanga ili likue kwa umbo lililotakiwa. Masikio yametobolewa. Ninavyoona, ulaini ule wa mwili ulikuwa wa makusudi, mwili ulioachwa wazi upokee vazi au pambo au rangi. Rangi tunayo kwa hakika: sinabari, madini mekundu ya zebaki, hukutwa mara kwa mara kwenye mikunjo ya sanamu na juu ya vitu vya makaburini. Katika Kaburi A la La Venta, lililojengwa kwa nguzo za bazalti, kulikuwa na sanamu ndogo ya mwanamke aliyeketi, mwenye kioo kidogo cha hematiti kifuani. Watu wakubwa wa Waolmeki walivaa vioo vya namna hiyo vya madini ya chuma, vilivyosuguliwa hadi vikaakisi mwanga wa jua. Mchongaji alipachika pambo lile kwenye jedi kwa kipimo cha ukucha.

Mkao mwingine ni wa kupiga goti au kuchutama, uso ukiwa nusu mtu na nusu mnyama. Mwanaanthropolojia Peter Furst, mwaka 1968, alizifafanua sanamu hizi kuwa waganga walio katikati ya kugeuka jagwa. Hoja yake ina nguvu, kwa kuwa imani ya mganga kuvaa umbo la jagwa imeenea katika jamii nyingi za Amerika ya Kusini na ya Kati, na baadhi ya sanamu zinaonyesha ngozi ya usoni ikiachia. Ila tafsiri hii imekuwa kama kapu la kutia kila kitu. Mwanaakiolojia Matthew Stirling, aliyechimba Tres Zapotes, La Venta na San Lorenzo kati ya 1938 na 1946, alidhani kuna hadithi ya muungano wa jagwa na mwanamke iliyozaa kizazi cha watu-jagwa. Msingi wake ulikuwa mawe yaliyovunjika vibaya, likiwemo la mahali paitwapo Potrero Nuevo, na wengine waliolichunguza baadaye waliona jagwa na mateka. Mimi nisingejenga dini nzima juu ya jiwe lisilo na kichwa.

Mpasuko wa umbo la V juu ya kichwa ndio mahali ambapo jagwa hashindi peke yake. Wapo waliousema kuwa ni mfereji wa kichwa cha jagwa dume, wapo waliouona kwa chura. Maelezo yanayonishawishi ni ya mtafiti Karl Taube: ndani ya mpasuko huo, kwenye mashoka yenye michoro, mara nyingi huchipua gunzi la mahindi au kichipukizi. Kichwa kilichopasuka ni ardhi au mbegu inayoachia mmea. Ukilikubali hilo, shoka la jiwe la kijani nalo linabadilika mbele ya macho yako. Ni chombo cha kufyekea shamba, na umbo lake ni la gunzi. Lisimike wima ardhini, umepanda hindi lisilokauka. Kuna mashoka ambayo yenyewe yamechongwa kuwa mwili, kichwa kikubwa kikichukua nusu ya juu, kama lile liitwalo shoka la Kunz lililoko kwenye Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani mjini New York.

Sanamu inayotufundisha mengi zaidi kwa pamoja ni ile ya Las Limas. Watoto wawili waliipata mwaka 1965 katika kijiji hicho cha kusini mwa Veracruz. Ni kijana aliyeketi amekunja miguu, kimo sentimita 55, uzito kama kilo 60, jiwe la kijani, na mikononi amelaza kitoto kilicholegea chenye uso wa kimungu na mdomo ulioshuka. Wanakijiji waliipokea kama Bikira Maria na kuiwekea madhabahu. Uiangalie kwa karibu chini ya mwanga wa pembeni, na mabega yote mawili na magoti yote mawili yatatokeza nyuso nne zilizochorwa kwa mistari myembamba, kila moja na sifa zake. Mtafiti David Joralemon alianzia hapo mwaka 1971 alipopanga orodha ya miungu ya Waolmeki. Nyuso nne pembeni na mtoto katikati: pande nne za dunia na kitovu chake, mpangilio ambao Wamaya na Waazteki waliendelea nao. Je, mtoto amekufa, analetwa kutolewa sadaka, au ni mvua inayosubiri kuamshwa? Kitoto kilekile kilicholegea kimo mapajani mwa mtu anayetoka pangoni kwenye kiti cha enzi namba 5 cha La Venta, na El Manatí kulikuwa na mifupa ya watoto wachanga kando ya sanamu za mbao. Maji, pango, mtoto: vitatu hivi hukutana mara nyingi mno kuwa bahati.

Nafika kwenye udongo. Mwaka 1955, chini ya sakafu za uwanja wa ibada wa La Venta, wachimbaji waliikuta Sadaka namba 4: sanamu 16 na mashoka 6, zote zimesimikwa mchangani, hazijaanguka. Mashoka yamesimama nyuma kama nguzo. Sanamu moja, ya jiwe la kahawia-jekundu lenye vinyweleo, imeyapa mgongo, na zile nyingine za jedi na serpentini zimeizunguka na kuielekea. Kila moja haizidi sana sentimita 20. Ukizitoa na kuziweka rafuni moja moja, utakuwa na sanamu 16 zinazofanana. Zikiwa pamoja ni baraza, au maandamano, au hukumu, na ile ya jiwe duni kuliko yote ndiyo inayotazamwa na wote.

Kuna jambo la ajabu zaidi ndani ya shimo lile. Baada ya sadaka kufukiwa na sakafu za udongo wa rangi kuwekwa juu yake, watu walirudi wakati fulani, wakachimba kishimo juu yake kamili hadi vichwa vikaonekana, wakaangalia, wakafukia tena. Sanamu hazikuguswa. Walikumbuka mahali pale kwa usahihi wa sentimita, bila alama juu iliyobaki hadi leo. Kwa hiyo sanamu hizi hazikuchongwa zitazamwe na umati. Nguvu yake ilikuwa chini, gizani, na kilichohitajika kutoka kwa walio hai ni kujua tu kwamba bado zimesimama. Pale pale La Venta walifukia marundo ya serpentini na mosaiki ya vipande 485 hivi ya uso mkubwa wa alama, kisha wakaifunika mara ilipomalizika.

Hii ndiyo sababu sanamu isiyo na mahali ilipotoka imepoteza zaidi ya nusu ya maana yake. Jiwe lenyewe halipimwi umri kwa kaboni. Kinachopimwa ni mkaa ulio kando yake kwenye tabaka lilelile. Mporaji akiling'oa, mkaa unabaki na tarehe inatoweka. Ile inayoitwa Mwanamieleka, mtu wa bazalti wa sentimita 66 aliyekaa amegeuza mabega, inasifiwa kama kilele cha sanaa hii, lakini haikutoka kwenye uchimbaji wa kitaalamu na wapo wataalamu wanaotilia shaka uhalisi wake. Naipenda, ila siitumii kuthibitisha lolote.

Sanamu ghushi ni nyingi, na soko lake halijapoa. Keekee ya kisasa ya almasi huacha mikwaruzo sawasawa inayolingana kwa upana hadi chini ya tundu, na ukuta wa tundu hunyooka. Mchanga wa zamani huacha duara zisizolingana na tundu linalopungua kadiri linavyozama. Mstari uliochorwa kwa mashine huanza na kuishia ghafla, wa mkono hufifia. Sinabari mpya hukaa juu ya mng'aro na hutoka kwa kitambaa chenye maji, ya zamani imeingia kwenye nyufa. Hata hivyo macho hayatoshi: maabara huchukua nakala ya tundu kwa mpira laini na kuitazama kwa hadubini ya elektroni. Na hata ikiwa ya kweli, sheria ya Meksiko ya 1972 inasema vitu vya kale vya aina hii ni mali ya taifa na haviruhusiwi kuuzwa nje.

Watu wa kale wenyewe walizihamisha, lakini kwa heshima nyingine. Huko Cerro de las Mesas, Veracruz, mwaka 1941 lilifukuliwa fungu la vitu 782 vya jiwe la kijani lililozikwa karne nyingi baada ya La Venta kufa, na ndani yake mlikuwamo vipande vya Waolmeki vilivyorithiwa. Na chini ya Hekalu Kuu la Waazteki, katikati ya Jiji la Meksiko, kilipatikana kinyago cha jiwe la kijani cha mtindo wa Kiolmeki, kidogo cha kukaa kiganjani. Kilikuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu mbili siku Waazteki walipokiweka ndani ya sadaka yao na kukifunika tena.